Chunusi za kidevuni na kopo lisilo na lebo: jibu kwa msomaji wa Tanga

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Shikamoo daktari. Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Tanga. Chunusi zilinianza nikiwa kidato cha pili, zikapungua, halafu nilipofika miaka 22 zikarudi. Safari hii zimekaa kidevuni na kwenye taya, ni kubwa, zinauma, na kila moja ikipona inaacha doa jeusi. Nimejaribu limao, dawa ya meno, manjano na sabuni za dawa. Mwaka jana dada wa duka la vipodozi aliniuzia krimu aliyoichanganya mwenyewe. Wiki ya kwanza uso ulilainika kama wa mtoto. Sasa nikiiacha siku tatu tu uso unawaka moto na vipele vinatoka vingi kuliko vya mwanzo. Mama anasema ni damu chafu, shangazi anasema nikiolewa zitaisha. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakushukuru kwa kuitaja ile krimu, maana wengi huificha mpaka tuwaulize mara tatu. Usoni mwako hamna tatizo moja. Kuna chunusi zenyewe, kuna madoa zinayoyaacha, na kuna madhara ya mkorogo. Yamepandana, na ndiyo maana kila unachokijaribu kinashindwa. Tukianza kutibu chunusi huku kopo lile bado liko juu ya meza yako, tutakuwa tunatwanga maji kinuni. Kwa hiyo naanza na kopo.

Makopo ya aina hiyo nimeyashika mengi. Kuna msichana alikuja kliniki, akafungua mkoba, akatoa kopo dogo jeupe lenye kifuniko cha bluu. Halina jina, halina tarehe, halina orodha ya vilivyomo. Nilimwomba asogee dirishani penye mwanga. Mashavu yake yalikuwa yaking'aa kama nailoni iliyovutwa. Ukisogeza jicho karibu unaiona mishipa myembamba ya damu imetambaa chini ya ngozi kama mizizi, na malaika marefu kuliko kawaida yamelala kutoka sikioni mpaka kidevuni. Nilipomgusa kwa ncha ya kidole alikunja uso. Katikati ya yote hayo kulikuwa na vipele vidogo vyekundu, vyote vya ukubwa mmoja, kana kwamba vimeota siku moja.

Hiyo ndiyo picha ya uso uliopakwa steroidi kwa muda mrefu. Mara nyingi kwenye mkorogo huwa ni betamethazoni au klobetasoli. Hizi ni dawa halali kabisa za hospitali, tunazitumia kwa ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi, kwa siku chache na kwa kipimo, na klobetasoli kwa kawaida hatuipeleki usoni. Steroidi hubana mishipa ya damu na kunyamazisha uvimbe, na ndiyo maana wiki ya kwanza uliona uso umelainika kama wa mtoto. Hukupona, mwili wako ulizibwa mdomo usilalamike. Baada ya wiki na miezi ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inatanuka, vipele vipya vinaota, na siku ukiacha, ule uvimbe wote uliokuwa umezuiwa unarudi kwa pamoja. Kuwaka moto unakokueleza ni huko. Kwa hiyo unapaka tena ili upoe, na kopo linakuwa bwana wako.

Mbali na steroidi, ndani ya mikorogo huwekwa pia haidrokwinoni kwa ajili ya kung'arisha, na mingine ina zebaki, ambayo huingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo. Vipodozi vyenye vitu hivi vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Lakini krimu iliyokorogwa kwenye beseni nyuma ya duka haipiti kwa mkaguzi yeyote. Kusema kweli aliyekuuzia huenda naye hajui alichokuuzia, maana yeye hununua tyubu na makopo, anachanganya, basi.

Sasa, usilitupe kopo leo ukadhani umemaliza. Umelitumia mwaka mzima, na ukiacha ghafla bila msaada utapata wiki mbili, pengine zaidi, za uso kuvimba, kuwasha na kutoka usaha, na asilimia kubwa ya wanaopita hapo peke yao hurudi kwenye mkorogo. Nenda na kopo lako hospitali ya mkoa, uliza kliniki ya ngozi. Mimi nilijifunza kazi hii Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu 1992, na waliosomea pale wako kwenye hospitali nyingi za mikoa. Atakayekupokea anaweza kukupa steroidi dhaifu sana uipunguze hatua kwa hatua ndani ya wiki chache, au akakuachisha moja kwa moja huku akikupa vidonge vya doksisaiklini vya kutuliza uvimbe. Nyumbani, katika kipindi hicho, fanya kidogo iwezekanavyo: osha uso kwa maji ya kawaida na sabuni laini isiyo na manukato, paka losheni nyepesi isiyo na harufu, kaa mbali na jua kali. Hakuna limao, hakuna skrabu, hakuna mvuke. Ngozi yako kwa sasa ni kama kidonda kilichoanza kushika utando.

Hapo ndipo tunaweza kuzungumza juu ya chunusi yenyewe, na hapa naomba uvumilie maelezo, kwa sababu nikikuambia dawa bila kukuambia inafanya nini utaiacha wiki ya tatu.

Kila kinyweleo usoni kina tezi ya mafuta ubavuni mwake. Mafuta hayo ni ya lazima, hulainisha ngozi na hutoka nje kupitia tundu la kinyweleo. Tezi hizo huongozwa na homoni za androjeni, ambazo tumezoea kuziita za kiume ingawa wanawake pia wanazo, zikitoka kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo. Mtoto akibalehe androjeni hupanda, tezi zinakua, mafuta yanaongezeka. Wakati huohuo, kwa watu wenye asili ya kupata chunusi, seli zilizokufa ndani ya tundu hazidondoki vizuri. Zinashikana na mafuta, zinafanya kizibo. Nyuma ya kizibo mafuta yanajaa, na bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye yuko kwenye ngozi ya kila mtu mzima na kwa kawaida hana ubaya, anapata chakula tele na mahali pasipo na hewa anapopapenda. Mwili unaliona hilo, unatuma askari wake, na vita vinaanza: wekundu, uvimbe, maumivu, usaha. Ukuta wa kinyweleo ukipasuka kwa ndani, vita vinashuka chini zaidi, na hapo ndipo unapopata yale majipu magumu ya kidevuni yasiyo na kichwa, yanayouma hata ukilaza shavu kwenye mto.

Kwa hiyo kuna mambo manne: mafuta, kizibo, bakteria, uvimbe. Dawa yoyote ya kweli ya chunusi inagusa moja au zaidi kati ya hayo. Ukiuziwa kitu, uliza kinagusa lipi.

Na kuna jambo moja ambalo ningependa kila mwenye chunusi alibandike kwenye kioo chake. Kizibo huanza kidogo sana, hakionekani kwa macho, na huchukua wiki nyingi, hata karibu miezi miwili, mpaka kiwe kipele. Chunusi unayoiona leo asubuhi ilianza kutungwa kabla ya mwezi uliopita kuisha. Ndiyo maana dawa nzuri huonekana haifanyi kazi mwezi wa kwanza: inazuia zile ambazo bado hazijatoka, wakati zile zilizokwisha kutungwa zinaendelea kutoka kwa ratiba yake. Tunahesabu wiki 8 mpaka 12 kabla ya kusema dawa imeshindwa. Dada wa dukani anakuuzia siku tatu. Siwezi kushindana naye kwa kasi, nakuomba tu unielewe ni kwa nini.

Kuhusu mama na damu chafu: damu yako ni safi. Hakuna uchafu unaotafuta mlango wa kutokea usoni, na sindano au vidonge vya "kusafisha damu" havina kazi hapa. Hata vile vidoti vyeusi puani si uchafu. Ni kizibo kilicho wazi, na weusi wake ni rangi ya ngozi yenyewe na mafuta yaliyokutana na hewa. Ukivisugua kwa dodoki havitoki, unachubua tu kando yake. Osha uso mara mbili kwa siku, kwa vidole, inatosha. Wengi ninaowapokea huosha uso kupita kiasi. Ni nadra kumwona aliyezidiwa na chunusi kwa kutonawa.

Kuhusu shangazi: kuolewa hakutibu chunusi, na kutokufanya tendo la ndoa hakuzileti. Kauli hii naijibu kwa uzito kwa sababu nimeona inavyowaumiza wasichana, na wavulana pia. Mtu ana ugonjwa wa ngozi, halafu kila shughuli ya ukoo anatazamwa usoni kana kwamba amebeba siri. Nadhani iliaminika kwa kuwa zamani watu walioa na kuolewa katika umri uleule ambao chunusi za ujana hupungua zenyewe. Wengine, kama wewe, hazipungui, au hurudi baada ya miaka 20, na wanawake wanaoathirika hivyo ni wengi kuliko wanaume. Uliza pia upande wa baba na wa mama: ikiwa mmoja wao aliwahi kuwa nazo nyingi, hapo umepata sehemu ya jibu, kwani chunusi hurithiwa sana.

Zako zimekaa kidevuni na kwenye taya, zimerudi ukubwani, zinakwenda chini na zinauma. Mpangilio huo hunifanya niulize maswali ya homoni. Je, zinazidi wiki moja kabla ya hedhi? Hedhi yenyewe inakuja kwa mpangilio, au unaweza kukaa miezi miwili bila kuiona? Umeota nywele kidevuni, kifuani au chini ya kitovu kuliko dada zako? Nywele za kichwani zinapungua, uzito umepanda bila sababu unayoijua? Kama majibu mawili au matatu ni ndiyo, tunafikiria hali ya ovari yenye vifuko vingi, na utahitaji vipimo vya damu na pengine utrasaundi. Kama hedhi yako haina shida na hakuna dalili nyingine, vipimo vya homoni mara nyingi hurudi vya kawaida, usitumie pesa zako huko kwanza.

Na kuna swali ambalo hukulitaja na sikulaumu: unatumia uzazi wa mpango? Sindano ya miezi mitatu na kijiti cha mkononi vina homoni ya aina moja tu, projestini, na kwa baadhi ya wanawake huzidisha chunusi. Ukiona zilianza miezi michache baada ya kuchoma sindano au kuwekewa kijiti, mwambie mtoa huduma. Usikitoe wala kuiacha kwa sababu ya uso tu bila kupanga njia nyingine. Kadhalika zipo dawa nyingine zenye tabia hiyo, zikiwemo aizoniazidi inayotumika kwa kifua kikuu, fenitoini ya kifafa, na steroidi za kunywa. Hakuna hata moja unayopaswa kuiacha kwa uamuzi wako. Unatuambia, tunatibu chunusi huku tiba ile ikiendelea. Vijana wa jimu nao wajue kwamba sindano za kujenga misuli huwamwagia chunusi mgongoni na mabegani, na hizo hukoma kwa shida sana.

Vitu vya nje navyo vina nafasi yao. Mafuta mazito ya nywele yanayotiririka kwenye paji la uso huziba vinyweleo. Madaktari wa Marekani walieleza hali hiyo mwaka 1970 kwa wanaume Weusi waliopaka pomedi, na mimi naiona kila wiki kwa waliosuka na kupaka mafuta mstari hadi mstari. Kwako wewe, kidevuni, nitauliza mtandio. Ukiubana chini ya taya mchana kutwa kwenye joto la Tanga, kitambaa kikiloa jasho na kusugua palepale, kinachochea. Usiuvue kwa ajili yangu. Chagua pamba laini, legeza kidogo, badilisha kila siku.

Chakula ndicho ninachoulizwa kuliko vyote, na jibu langu ni fupi kuliko watu wanavyotaka. Vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka, yaani soda, chai ya vijiko vinne vya sukari, maandazi ya ngano nyeupe asubuhi na chapati jioni, vina uhusiano na chunusi kwa baadhi ya watu, na maziwa kwa wengine. Ukipunguza soda kwa miezi mitatu hutapoteza kitu. Lakini mafuta unayokula hayasafiri moja kwa moja kwenda usoni, na karanga hazijathibitika kuwa na hatia. Anayekaa juu ya karai la mihogo kutwa, mvuke wa mafuta ukimpiga usoni, huyo kweli ngozi yake inazibwa. Maji kunywa kwa ajili ya kiu na afya yako. Chunusi haziondoki kwa ndoo ya maji.

Sasa dawa. Wiki nne mpaka sita za kwanza, ngozi ikiwa inatoka kwenye mkorogo, ningekuanzishia asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20, mara moja kwa siku kisha mara mbili. Ni ya upole, inagusa kizibo, bakteria na uvimbe, inapunguza madoa, na inafaa hata mjamzito. Itawasha kidogo siku za mwanzo kisha inatulia.

Ngozi ikishapata nguvu, tunaongeza mbili ambazo ndizo nguzo za tiba hii. Asubuhi, benzoili paroksaidi. Inaua bakteria na bakteria hawaizoei, sifa ambayo antibaiotiki hazina. Watu hukimbilia asilimia 10 wakidhani ndiyo kali na bora, lakini tafiti zimeonyesha asilimia 2.5 inafanya kazi sawa na hiyo, na haichubui sana kama hiyo. Uioshee au uipake tabaka jembamba. Na tafadhali, inaondoa rangi ya nguo. Mama mmoja aliniletea mtandio wake mweusi, mpya, una mabaka ya rangi ya chungwa pale unapogusa taya, akidhani dawa imeharibu ngozi yake vilevile. Ngozi haiondolewi rangi hivyo, nguo ndiyo. Iache ikauke kabisa kabla hujajifunga, na foronya iwe nyeupe.

Usiku, adapalini ya asilimia 0.1, au tretinoini ya 0.025 kama adapalini haipatikani. Hizi ndizo zinazozuia kizibo kisitungwe, kwa hiyo ndizo zinazotibu chunusi ambazo hujaziona. Kosa kubwa ni kuzipaka kama mafuta, tone juu ya kila kipele, nyingi, kila siku, tangu siku ya kwanza. Chukua kiasi cha punje moja ya njegere, kwa uso mzima. Igawanye kwa nukta tano, paji, pua, mashavu mawili, kidevu, kisha isambaze kwenye ngozi iliyokauka kabisa. Epuka pembe za macho, mdomo na kando ya pua. Anza usiku mbili kwa wiki, baada ya wiki mbili ongeza ya tatu, nenda hivyo. Losheni paka kabla au baada, zote sawa. Wiki za kwanza ngozi itachunika na vipele vinaweza kuongezeka kidogo, kwa sababu vizibo vinasukumwa nje. Hapo ndipo wengi huniambia dawa imenikataa. Kama ni kuchunika na kukauka, punguza siku, usiache. Kama ni kuvimba kope au kuwasha kusikovumilika, hiyo acha, njoo. Na ukiwa na ujauzito au unautafuta, adapalini na tretinoini usiziguse.

Antibaiotiki zina nafasi, ila ndogo kuliko famasi zinavyofikiri. Klindamaisini ya kupaka usiitumie peke yake, iambatane na benzoili paroksaidi, la sivyo bakteria watajifunza kuishinda. Doksisaiklini ya kumeza, miligramu 100 kwa siku, tunaitoa kwa chunusi nyingi zenye uvimbe kwa miezi mitatu, minne ikizidi, huku za kupaka zikiendelea, kisha vidonge vinakoma. Meza kwa glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa au umesimama, na usilale kwa nusu saa, kwa sababu kidonge kikinata kooni kinachoma. Jua litakupiga zaidi ukiwa unaitumia. Si ya mjamzito wala ya mtoto chini ya miaka 8. Ninaowaona wanameza doksisaiklini mwaka mzima, wakinunua strip moja moja, wananihuzunisha. Dawa ileile tunaihitaji kesho kwa magonjwa mazito.

Kama chunusi zako zitaonekana kweli ni za homoni, zipo njia nyingine mbili: vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, na spironolaktoni, miligramu 50 mpaka 100, inayozuia androjeni isifike kwenye tezi. Zote mbili zinahitaji daktari akupime presha, akuulize historia ya kuganda kwa damu na kipandauso, na spironolaktoni haitumiki kwenye ujauzito. Zinachukua miezi mitatu kuonyesha kitu.

Juu ya zote kuna aizotretinoini ya kumeza, ambayo imekuwepo tangu 1982. Ndiyo dawa pekee inayogusa mambo yote manne, na kwa mtu mwenye mafundo na makovu nimeona ikimrudisha kuinua uso. Tunahesabu kwa uzito: kwa mtu wa kilo 60 jumla ya tiba huwa kati ya miligramu 7,200 na 9,000, yaani miligramu 40 kwa siku kwa miezi sita mpaka saba na nusu hivi. Midomo itakauka kila mtu, na damu inapimwa ini na mafuta. Lakini mwanamke akishika mimba akiwa anaitumia, mtoto anaweza kuharibika moyo, ubongo na masikio. Hakuna hata kidonge kimoja kilicho salama hapo. Tunapima mimba kwanza, na njia ya uzazi wa mpango inaanza mwezi mmoja kabla, inaendelea tiba yote na mwezi mmoja baada. Ukikuta inauzwa mtandaoni au kwenye kaunta bila swali hata moja, geuka uondoke. Na kwa ngozi iliyotoka kwenye mkorogo sasa hivi, si ya leo.

Madoa. Najua pengine hayo ndiyo yanayokuuma kuliko chunusi, kwa sababu ndiyo yaliyokupeleka kwenye kopo. Kwenye ngozi zetu kila uvimbe huacha rangi, kwa kuwa seli za rangi zikisumbuliwa humwaga wino. Doa bapa, lisilo na shimo wala kinundu, si kovu. Litafifia, kwa miezi, mengine zaidi ya mwaka, mradi chunusi mpya zisimame na jua lisilirudishie rangi. Limao unalolipaka ndilo linaloongeza, maana juisi yake ikikutana na jua huchoma ngozi na kuiacha nyeusi zaidi. Kila asubuhi paka sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi. Wengi tunaijua sanskrini kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, na pale KCMC hutengenezwa maalumu kwao, lakini mtu mweusi anayetibu madoa anaihitaji pia. Zile zenye rangi kidogo, zenye oksidi ya chuma, huzuia hata mwanga wa kawaida ambao unachochea madoa. Na usitumbue. Ukibinya lile jipu la kidevuni usaha unaingia chini zaidi kuliko unaotoka, na taya ni mahali ambapo keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua, hupenda kuota. Likikuuma sana, barafu ndani ya kitambaa kwa dakika chache, mara kadhaa. Ukipata moja kubwa kabla ya shughuli, daktari anaweza kulidunga dawa kidogo sana likatulia kwa siku mbili tatu.

Liwa na manjano siyasemi vibaya. Bibi zangu wamepaka liwa maisha yao yote na ninaipenda harufu yake. Lakini ikikauka huisugui, unaisuuza, na katika miezi hii mitatu ya dawa iweke kando.

Jambo la mwisho la kuangalia kabla hujaenda. Kama vipele vyako vingine, hasa vya paji la uso na kifua, vinawasha, ni vidogo, vinafanana vyote na vilizidi baada ya kumeza antibaiotiki, mwonyeshe daktari kwa kidole. Hiyo inaweza kuwa fangasi ndani ya vinyweleo, si chunusi, na dawa yake ni tofauti kabisa.

Siku ya kwenda hospitali beba kopo, na kila kitu kingine ulichopaka, hata maganda na maboksi. Andika kwenye karatasi tarehe ya hedhi zako tatu zilizopita. Asubuhi hiyo, kabla ya kupaka chochote, simama penye dirisha upige picha tatu, mbele, kulia, kushoto. Rudia tarehe hiyohiyo kila mwezi, dirisha lilelile. Usijitazame kila siku kwenye simu. Ukifika mwezi wa tatu wa tiba, fungua picha za siku ya kwanza ukiwa na za mwezi huo pembeni yake, kisha niandikie tena unieleze unachokiona.